Bustani ya Nyumbani Dar es Salaam Wakati wa Kiangazi: Dalili, Vyanzo na Hatua za Kuchukua

Januari inapoingia na upepo wa kaskazi kuanza kukausha mchanga, wenye bustani za nyumbani kuanzia Bunju hadi Kigamboni huanza kuona mambo yale yale: mchicha unalala saa sita mchana, majani ya hoho yanakuwa ya kahawia kwenye kingo, nyanya zinachanua bila kuzaa, na miche iliyonunuliwa kando ya barabara inakufa kabla haijashika. Jibu ambalo karibu kila jirani hulitoa ni kuongeza maji. Jibu hilo huwa sahihi mara nyingine, lakini katika visa kadhaa vinavyoelezwa hapa ndilo linaloumaliza mmea.

Dar es Salaam si jangwa. Mji huu hupata takriban milimita 1,000 hadi 1,100 za mvua kwa mwaka, ilhali Phoenix, katika jangwa la Arizona nchini Marekani, haufikishi 200. Hata hivyo, katika miezi iliyo kati ya masika na vuli, na tena kati ya Januari na mwanzoni mwa Machi, mizizi ya mboga iliyo kwenye mchanga wa pwani na kumwagiliwa maji ya kisima cha chumvichumvi hukutana na mazingira yanayokaribiana sana na ya jangwani: udongo usioshika maji, chumvi inayojikusanya, na joto linalopenya hadi ndani ya tuta. Juu ya ardhi hali ni nyingine kabisa, kwa kuwa hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi na majani hukaa na umande hadi asubuhi. Kwa sababu hiyo, mbinu za wakulima wa majangwani zinazohusu mizizi, maji na udongo zinafaa hapa karibu zote, na zile zinazohusu majani na hewa zinahitaji tahadhari, maana baadhi yake hapa huzaa ukungu.

Uchunguzi wa kwanza: udongo ukoje chini

Kabla ya kutafsiri dalili yoyote ya juu, chimba kando ya mmea kwa mwiko mdogo au kwa mkono hadi kina cha sentimita 15 au 20. Uso wa mchanga hukauka ndani ya saa chache na hausemi lolote kuhusu hali ya mizizi. Udongo wa chini ukifinywa na kushikamana kidogo, maji yapo. Ukimiminika vidoleni, hakuna. Ukitoa harufu ya uvundo, maji yamezidi na mizizi inakosa hewa. Uchunguzi huu ufanyike asubuhi na mapema, kabla mmea haujaanza kulegea kwa joto, kwa sababu mmea ulionyauka alfajiri una tatizo halisi, lakini ule unaonyauka saa saba mchana na kusimama tena magharibi huenda hauna tatizo lolote. Mboga zenye majani mapana, hasa maboga na matango, hulegeza majani mchana kama njia ya kujikinga, na kuzimwagilia kila zinapolegea, huku udongo wa chini ungali na unyevu, ni kuziozesha mizizi.

Mmea unanyauka na udongo wa chini ni mkavu ingawa unamwagiliwa kila siku

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote katika maeneo ya mchanga, na lina vyanzo viwili ambavyo mara nyingi hukaa pamoja.

Cha kwanza ni kiasi. Bustani ya mboga katika joto la Januari na Februari hupoteza takriban lita tano hadi sita za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 inatosha mita tatu hadi nne za mraba, wala si tuta zima la mita kumi kama inavyofanyika katika nyumba nyingi. Hapa pia ndipo miongozo mingi ya jangwani inapompotosha msomaji wa pwani, kwani husisitiza kumwagilia kwa wingi mara moja kwa wiki. Ushauri huo uliandikwa kwa ajili ya udongo mzito au kwa miti yenye mizizi mirefu. Sentimita 20 za juu za mchanga hushika kama lita 15 tu za maji yanayoweza kunyonywa kwa kila mita ya mraba. Kinachozidi hapo hushuka chini pamoja na mbolea, mahali ambapo mizizi ya mchicha haifiki. Kwa hiyo mchicha na chainizi katika mchanga wa Kigamboni humwagiliwa kila siku au siku moja baada ya nyingine, na bamia au bilinganya zilizokwisha kukita mizizi zinaweza kusubiri siku mbili au tatu.

Chanzo cha pili hakijulikani sana. Mchanga uliochanganywa na samadi kisha ukaachwa ukauke kabisa hukataa maji: chembe zake huvikwa utando wa mafuta ya asili yatokanayo na mabaki ya mimea, na maji hukimbilia pembeni au kupenya kwenye mianya michache na kuacha sehemu kubwa ikiwa vumbi. Ili kujua, dondosha tone la maji juu ya mchanga mkavu. Likikaa kama shanga kwa zaidi ya sekunde tano, mchanga unakataa maji. Dawa yake ni kumwagilia kwa awamu: nusu ya maji yaliyokusudiwa kwanza, subiri robo saa, kisha malizia. Baada ya hapo usiuache ukauke tena hadi chini, na uutandazie.

Matandazo ni kazi ya kwanza kwa yeyote anayelima kiangazi, na bila hayo hatua nyingi zilizobaki hazina maana kubwa. Nyasi kavu, majani ya mwembe, maganda ya mpunga au makuti yaliyokatwakatwa yawekwe kwa unene wa sentimita tano hadi saba, yakiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina ili lisioze. Makumbi ya nazi yaliyosagwa ni mazuri sana kwa kushika maji, lakini yana chumvi yake yenyewe, kwa hiyo yalowekwe na kusuuzwa mara mbili au tatu kabla ya kutumiwa. Maranda ya fundi seremala yatandazwe juu tu; yakichanganywa na udongo yakiwa mabichi, vijidudu vinavyoyaozesha hunyonya naitrojeni ambayo mboga ingeitumia. Mchwa wakivamia matandazo, yaondolewe sehemu hiyo na kuwekwa upya yakiwa membamba.

Mbinu mbili za nchi kavu zinastahili kuigwa. Moja ni mtungi wa udongo uliozikwa hadi shingoni, ambao uliandikwa nchini China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mtungi usiopakwa rangi wala kung'arishwa huvujisha maji polepole kadiri mchanga unavyokauka, na mimea inayoupakana huyafuata kwa mizizi. Chungu cha kawaida cha kufinyangwa kinafaa, mradi kifunikwe mdomo ili mbu wasizaliane humo, jambo ambalo kwa Dar es Salaam si la kupuuza. Nyingine ni kupanda katika kitanda kilichozama sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa ardhi badala ya juu ya tuta. Huko Burkina Faso, Yacouba Sawadogo alifufua tangu miaka ya 1980 mashimo ya zai, yaani vishimo vidogo vyenye samadi vinavyokusanya maji, na kwa njia hiyo akarudisha uhai katika ardhi iliyokwisha kuwa ngumu na tupu. Wazo ni lile lile. Tofauti ni kwamba kitanda kilichozama hapa Dar es Salaam hugeuka bwawa masika yanapoanza, kwa hiyo kifukiwe kabla ya katikati ya Machi na matuta yainuliwe upya.

Mmea unanyauka na udongo wa chini una maji

Hapa maji yasiongezwe hata kidogo. Ng'oa mmea mmoja ulioathirika na uutazame. Mizizi ya kahawia inayochubuka ikivutwa ni dalili ya kuoza kwa sababu ya maji kuzidi, hali inayotokea zaidi katika viroba na ndoo zisizo na matundu ya kutosha, na katika udongo mfinyanzi wa mabondeni. Mizizi yenye uvimbe ni habari ya minyoo fundo, yaani minyoo midogo mno inayoingia ndani ya mizizi, ambayo imeachwa mwisho kwa sababu tiba yake ni ndefu.

Ikiwa mizizi inaonekana mizima na mmea ni nyanya, bilinganya, nyanya chungu au pilipili iliyonyauka ghafla huku majani yakiwa bado ya kijani, shuku mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize katika glasi ya maji safi bila kukitikisa, na usubiri dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikitiririka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa, jibu limepatikana. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Mmea ung'olewe pamoja na udongo unaoshikamana na mizizi, uchomwe na usitupwe kwenye mboji, na jamii nzima ya nyanya isirudishwe mahali hapo kwa misimu kadhaa. Anayekuuzia dawa ya kumwagia shimoni ili kuokoa mmea uliokwisha kunyauka anakuuzia matumaini.

Kuna chanzo cha tatu ambacho husahaulika: mizizi inapikwa. Ndoo nyeusi au kiroba cheusi kilichowekwa juu ya sakafu ya saruji hupata joto kali upande unaopigwa na jua la alasiri, na mizizi iliyo upande huo hufa ingawa udongo una unyevu. Chombo kipakwe chokaa au rangi nyeupe, au kitumbukizwe ndani ya chombo kikubwa zaidi, au vyombo vipangwe vikigusana ili vikingane. Vilevile, maji ya kwanza yanayotoka kwenye mpira ulioachwa juani huwa ya moto wa kuunguza mikono. Yaachwe yamwagike pembeni kwanza. Anayetegemea simtanki nyeusi isiyo na kivuli amwagilie asubuhi, kabla maji hayajapata joto.

Kingo na ncha za majani zinaungua

Majani ya chini na ya zamani yakianza kukauka kutoka kwenye ncha kuja ndani, huku mshipa wa kati ukibaki wa kijani, mshukiwa wa kwanza ni chumvi. Wengi hulitaja jua, lakini jua huunguza sehemu ya jani inayolielekea, mara nyingi kwa doa jeupe lililopauka katikati, na haliendi kwa kufuata kingo. Ushahidi wa pili ni ukoko mweupe kwenye uso wa udongo, kwenye kingo za chungu, au kwenye mgongo wa tuta.

Visima vingi vya ukanda wa pwani ya jiji huvuta maji kutoka kwenye tabaka linalogusana na maji ya bahari, na kadiri maji matamu yanavyochotwa kwa wingi ndivyo maji ya chumvi yanavyosogea kuelekea bara. Ulimi ni kipimo kibovu, kwa sababu maji ambayo mtu anaweza kuyanywa bila kukunja uso yanaweza kuwa mabaya kwa maharage. Kipimo cha kielektroniki cha kutumbukiza kwenye glasi kinatosha; hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na namba hupanda kadiri chumvi inavyozidi. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa wa mwaka 1985, ambao bado unatumika sana, maji yenye chini ya mikrosimensi 700 kwa sentimita hayana kizuizi kwa umwagiliaji. Kati ya 700 na 3,000 yanahitaji uangalifu unaozidi kadiri namba inavyopanda. Na zaidi ya 3,000 yana kizuizi kikubwa. Kipimo kikionyesha miligramu kwa lita, mipaka hiyo ni takriban 450 na 2,000.

Chumvi ya kisima huwa na kalenda yake, na asiyeifahamu hudanganyika kwa urahisi. Mvua za masika husafisha mchanga hadi chini, kwa hiyo bustani ya Juni hustawi na mwenye nyumba huamini kwamba kisima chake ni kizuri. Kila ndoo anayomwaga kuanzia hapo huacha chumvi, kwa kuwa mmea hunyonya maji na kuibakiza, na kufikia Septemba au Oktoba majani huanza kuungua ingawa maji ni yale yale. Dawa ya wakulima wa majangwani ni kuisukuma chumvi chini ya mizizi kwa kumwagilia kupita kiasi mara moja kwa makusudi. Katika mchanga wetu hili ni rahisi, na ni mojawapo ya mambo machache ambayo mchanga unayafanya vizuri kuliko udongo mzito: mara moja kila wiki mbili au tatu, mwaga lita 30 hadi 40 kwa mita ya mraba kwa awamu mbili, na kama yapo, tumia maji ya bomba au ya mvua kwa zoezi hilo. Baada yake rudishia mbolea kidogo, maana nayo imeshuka.

Maji ya mvua yana thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, hivyo bati la mita 60 za mraba katika mvua ya milimita 20 hutiririsha lita 1,200, na hata baada ya upotevu zinabaki karibu lita 1,000. Tangi lililojazwa wakati wa vuli linaweza kutumiwa Januari kuchanganywa nusu kwa nusu na maji ya kisima. Mgawo wa maji wa Oktoba 2022, wakati kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, uliwafanya wengi warudie visima ghafla, na ni katika nyakati kama hizo ambapo tangi la mvua huokoa kitalu.

Mambo mengine matatu kuhusu chumvi yanahitaji kuzingatiwa. Usimwagie majani maji ya kisima, kwa sababu matone yakikauka huacha chumvi juu ya jani lenyewe. Maji safi hayaunguzi majani laini mchana kama inavyosemwa, lakini ya chumvi huunguza. Punguza samadi ya kuku, ambayo nayo ina chumvi nyingi, na usiitumie mbichi. Tatu, chagua mazao: maharage, karoti na vitunguu ni dhaifu mbele ya chumvi, hoho inafuata, nyanya na spinachi ziko katikati, na kunde na biti huvumilia zaidi. Mwenye maji yanayozidi 3,000 ni afadhali alime kunde, na aache kugombana na karoti. Kwa anayemwagilia kwa mifereji, chumvi hupanda na kukaa kwenye mgongo wa tuta, kwa hiyo mche upandwe ubavuni, karibu na maji yanapopita.

Majani yanakuwa ya manjano

Tazama ni majani gani. Ya chini yakianza na jani zima likififia kwa usawa, naitrojeni imepungua, jambo la kawaida kwenye mchanga unaomwagiliwa sana. Mbolea igawanywe katika vipimo vidogo kila wiki mbili badala ya kuwekwa yote siku moja. Majani machanga ya juu yakiwa ya manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, tatizo ni madini ya chuma, na hapo mbolea ya naitrojeni haisaidii. Kwenye maeneo yenye miamba ya matumbawe na mawe ya chokaa, kama sehemu za Msasani na Kunduchi, na hata kando ya ukuta uliojengwa karibuni ambapo mabaki ya saruji yamefukiwa, udongo huwa na nyongo, yaani kinyume cha uchachu, kiasi kwamba madini ya chuma yapo lakini hayanyonyeki. Majivu ya jikoni, ambayo wengi huyamwaga bustanini kwa nia njema, huzidisha tatizo hilo. Tumia mboji kwa wingi, au mbolea ya chuma ya kupulizia majani kutoka duka la pembejeo, au inua kitanda kwa udongo ulioletwa.

Maua yanadondoka, au matunda yanaharibika

Nyanya zinazochanua Januari na Februari na kuangusha maua mara nyingi hazina ugonjwa. Chavua ya nyanya hupoteza nguvu joto la mchana linapozidi nyuzi 32 na la usiku linapobaki juu ya 21 hadi 24, na usiku wa Dar es Salaam katika miezi hiyo hukaa karibu na nyuzi 25. Hakuna mbolea wala kiuatilifu kinachobadilisha usiku. Wakulima wa Arizona nao hawashindani na joto lao: hupanda mapema ili wavune kabla ya Juni. Kwetu kalenda inageuka, kwa kuwa Julai na Agosti usiku hushuka hadi karibu na nyuzi 19. Mbegu isiwe baadaye kuliko mwanzoni mwa Mei, katika kitalu kilichoezekwa dhidi ya mvua za masika, miche ihamishwe mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na maua yatakutana na kipupwe. Anayesisitiza kupata nyanya kiangazi apande zenye matunda madogo madogo, ambazo hushika mimba kwa urahisi zaidi, na atikise vichala vya maua asubuhi, kwa sababu unyevu wa hewa hufanya chavua inate. Kwa maoni yangu, nafasi hiyo ingetumika vizuri zaidi kwa bamia, kunde, matembele na mlenda, ambazo joto hilo ni nyumbani kwao.

Tunda lenye doa jeusi lililobonyea chini, yaani kuoza kitako, limekosa madini ya kalisi wakati wa kukua. Mara chache kalisi huwa haipo kwenye udongo. Kinachokosekana ni maji ya kuifikisha, kwa sababu ya kumwagilia leo na kusahau siku tatu, au kwa sababu chumvi inazuia unyonyaji. Maganda ya mayai yaliyosagwa huchukua muda mrefu mno kuoza kiasi cha kuokoa matunda yaliyoko. Tengeneza ratiba ya maji, na matunda yatakayofuata yatakuwa mazima.

Doa jeupe kama karatasi kwenye hoho, upande wa magharibi, ni babuko la jua. Usipunguze majani ya hoho na nyanya kiangazi, na weka neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 40 au makuti yaliyopangwa kwa nafasi. Kivuli kizito cha asilimia 70, ambacho jangwani hutumika kwa mboga za majani, hapa huziba hewa na kuleta ukungu. Katika kupanga kivuli, kumbuka kwamba jua la Dar es Salaam hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi jua la adhuhuri hukaa kusini, na miezi iliyobaki hukaa kaskazini. Kitanda kilichokingwa na ukuta mwezi Juni kinaweza kuwa wazi kabisa mwezi Januari.

Mbegu hazioti na miche inaanguka

Mbegu za saladi hulala usingizi udongo unapozidi nyuzi 30 hivi, na spinachi nayo huota kwa shida. Ziatikwe kivulini, kwenye trei, na kitambaa chenye unyevu juu hadi zichipue. Mbegu za mchicha zikipotea, tazama sisimizi kabla ya kumlaumu muuzaji. Mche unaoanguka baada ya shina kusinyaa usawa wa udongo una kinyausi, kinachotokana na kitalu chenye msongamano na unyevu usiokauka. Ule uliokatwa usiku kama kwa mkasi umeliwa na sota, kiwavi wa udongoni, ambaye hupatikana amejikunja mchangani karibu na hapo. Miche inayonunuliwa kutoka kivulini isipandwe juani siku hiyo hiyo. Ipewe siku nne au tano za kuzoea, kisha ihamishwe jioni.

Madoa, utando na vumbi

Majani yenye vidoa vidogo vya manjano vinavyoyafanya yaonekane kama yamepakwa vumbi yakung'utwe juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vyekundu au vya kahawia vikitembea, ni utitiri. Vumbi la barabara za mitaa zisizo na lami huongeza wadudu hawa, kwa hiyo bustani iliyo kando ya njia inafaidika kuoshwa upande wa chini wa majani kwa maji safi, asubuhi na mapema ili yakauke. Hapa ndipo tahadhari kuhusu hewa inapohitajika zaidi: kunyunyizia majani ukungu wa maji ili kuyapoza, mbinu inayosaidia jangwani, na kumwagilia juu ya majani jioni, hukaribisha bakajani, ugonjwa wa ukungu wa majani, kwa kuwa majani hayakauki hadi asubuhi. Mafuta ya mwarobaini yapulizwe jioni jua likiwa limepoa, na kwa kiasi kisicholowesha mpaka kudondoka. Salfa isipulizwe siku ambayo joto litazidi nyuzi 32, kwani huunguza majani. Viuatilifu vikali vinavyoua kila mdudu huua pia wale wanaokula utitiri, na baada ya wiki chache utitiri hurudi kwa wingi zaidi.

Mizizi yenye uvimbe

Minyoo fundo hupenda mchanga wenye joto, kwa hiyo bustani za pwani ni makao yake ya asili. Mara nyingi huingia kwa udongo mweusi unaonunuliwa kwa viroba au kwa kirikuu, pamoja na ndago, na mmea wa kwanza kuionyesha ni bamia, ambayo hudumaa na kulegea mchana hata ikiwa na maji. Usiichanganye na vinundu vya kunde na maharage: vinundu hivyo hukaa kando ya mzizi, hung'oka kwa kusuguliwa, na ndani huwa na rangi ya waridi, ilhali uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba.

Joto la Januari na Februari, ambalo katika mambo mengine ni adui, hapa ni silaha. Ondoa mimea na mizizi yote, sawazisha kitanda, kilowanishe hadi sentimita 30, kisha kifunike kwa plastiki angavu, wala si nyeusi, kingo zake zikifukiwa ili mvuke usitoroke. Kiache kwa wiki nne hadi sita mahali panapopata jua mchana kutwa. Kitanda kilicho kivulini hakitapata joto la kutosha. Plastiki ikiondolewa, changanya mboji iliyoiva kwenye sentimita tano za juu tu na upande bila kulima kwa kina, kwa kuwa minyoo iliyo chini zaidi haikufikiwa na joto na jembe litaipandisha.